Biashara ya Kukodisha Ndege Ndogo: Ndege Ndiyo Kitu cha Mwisho Kununua

Ukikwama kwenye foleni ya Lang'ata Road asubuhi, inua macho uangalie upande wa Wilson. Ndege ndogo inapaa, na kabla gari lako halijasonga mita hamsini, nyingine inaifuata. Moja ina watalii wanaoenda Maasai Mara. Nyingine imebeba dawa za Wajir. Nyingine imekodishwa na kampuni inayopeleka mafundi wake Turkana asubuhi na kuwarudisha jioni. Huenda umewahi kujiuliza: hizi ndege ni za nani, na mtu kama mimi anaingiaje hapo?

Tuseme chama chenu kina watu 12. Mmeweka akiba miaka minane, mna ploti moja Kitengela, na sasa mwenzenu ameleta wazo mkutanoni: tuuze ploti, tuongeze mkopo, tununue ndege tuiweke Wilson ikodishwe. Watu wanacheka kwanza, halafu wananyamaza, halafu wanaanza kupiga hesabu kwenye simu. "Si ni kama matatu tu, ila hii ina mabawa?"

Hapana, si kama matatu. Na tofauti iliyopo inaweza kumeza ploti nzima. Sisi kazi yetu ni malipo, si urubani, lakini swali hili ni la pesa kabla halijawa la ndege. Na jibu lake ni hili: kwenye biashara hii, ndege ndiyo kitu cha mwisho kununua. Kwanza wateja, kisha leseni, kisha mpango wa pesa. Ndege baadaye.

Ni biashara gani hasa?

Ndege ya ratiba ni kama basi la kwenda Kisumu: saa imepangwa, unanunua kiti kimoja, likijaa au lisijae linaondoka. Ndege ya kukodi ni kama teksi. Mteja ndiye anayechagua siku, saa na mahali, na analipia ndege nzima hata kama atakaa peke yake ndani.

Kenya ina historia ndefu hapa. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi mwaka 1929, na uwanja wa Wilson unabeba jina lake hadi leo. Mwaka 1957 madaktari wa AMREF walianza kuruka kwenda vijijini, na huduma yao ya ndege za wagonjwa bado iko Wilson. Yaani soko lipo tangu zamani. Swali ni wewe unaingilia mlango upi.

Wateja wa ndege za kukodi ni wa aina nyingi: hoteli na kambi za mbugani, mashirika ya misaada yanayofanya kazi kaskazini, kampuni za ujenzi na nishati, familia zenye mgonjwa aliye mbali na hospitali kubwa, familia zinazosafirisha mwili wa mpendwa wao, na wenye mizigo inayoharibika haraka. Kila mmoja anataka kitu tofauti. Ndege ya mgonjwa inahitaji vifaa na wahudumu wa afya. Ndege ya mizigo haihitaji viti. Ukisema "nitabeba yeyote", umesema hujui mteja wako.

Na usimtegemee mteja mmoja. Ndege nyingi zilikuwa zikibeba miraa kutoka Nairobi kwenda Somalia. Machi 2020 soko hilo likafungwa, na halikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Zaidi ya miaka miwili! Mwenye ndege aliyekuwa na mzigo huo peke yake alikaa akilipia hanga na bima huku ndege ikipigwa vumbi.

Mlango wa bei nafuu: anza kama wakala

Watu wengi hawajui kwamba unaweza kufanya biashara ya ndege za kukodi bila kumiliki hata tairi la ndege. Unakuwa wakala. Mteja anakuja kwako akisema anataka watu sita wafike Lamu Ijumaa. Wewe unatafuta kampuni yenye leseni na ndege inayofaa, unaomba bei, unapanga safari, na unalipwa kamisheni.

Mtaji wako hapo ni simu, uaminifu na kuwajua watu wa Wilson. Usajili wa biashara utahitaji, na PIN ya KRA, na uwezo wa kutoa ankara ya eTIMS, kwa sababu kampuni na mashirika hayatakulipa bila hiyo. Lakini hutadaiwa mkopo wa ndege usiku ukilala.

Faida kubwa ya uwakala ni kwamba unajifunza kwa pesa ndogo. Ukifanya mwaka mmoja, utakuwa na daftari lako: safari ngapi ziliulizwa, ngapi zililipwa, kwenda wapi, mwezi gani, watu wangapi kwa safari. Daftari hilo ndilo litakaloambia chama kama ndege inahitajika, na ya ukubwa gani. Bila daftari hilo mnacheza pata potea na ploti ya watu.

Jambo moja ni lazima: wakala haruhusiwi kujifanya mwenye ndege. Mwambie mteja wazi, kwa maandishi, ni kampuni gani itakayomrusha.

Karatasi kabla ya mabawa

Siku mtakapoamua kuendesha ndege zenu wenyewe, mlango wa kwanza ni KCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Mtahitaji vitu viwili vikubwa, na watu wengi huvichanganya.

Cha kwanza ni leseni ya huduma za anga. Hii ni ruhusa ya kufanya biashara. Maombi yake hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la serikali ili mwenye pingamizi aseme. Hapa wanataka kujua nyinyi ni nani, mnamilikiwa na nani, na mna pesa za kuendesha kazi au mnabahatisha.

Cha pili ni cheti cha mwendeshaji wa ndege, ambacho watu wa Wilson wanakiita AOC. Hiki ni uthibitisho kwamba mnaweza kurusha abiria kwa usalama. Safari ya kukipata ina hatua tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, ukaguzi wa vitabu vyenu vya uendeshaji, ukaguzi wa vitendo pamoja na safari za kuonyesha, na mwisho cheti chenyewe.

Kabla ya kupewa cheti, lazima muwe na watu walioidhinishwa kwenye nafasi zao: meneja anayewajibika, mkuu wa uendeshaji, rubani mkuu, msimamizi wa matengenezo na msimamizi wa usalama. Ndege yenyewe iwe imesajiliwa, zile herufi za 5Y unazoziona ubavuni, na iwe na cheti cha kufaa kuruka. Matengenezo yafanywe na karakana iliyoidhinishwa. Bima iwepo ya abiria na ya watu wengine wanaoweza kudhurika.

Sasa angalia hapa. Watu hao wanataka mshahara wakati cheti bado kinatafutwa. Ndege, kama mmeshainunua, inataka hanga na bima. Na hakuna shilingi hata moja inayoingia, kwa sababu kubeba abiria wa kulipia bila cheti ni kosa. Miezi ya kusubiri imeua ndoto nyingi kuliko dhoruba. Bajeti ya kwanza ya chama iwe ya kipindi hicho cha ukame.

Hesabu ya saa

Mwenye matatu huhesabu siku. Mwenye ndege huhesabu saa za kuruka. Hebu tufanye hesabu kwa namba za mfano tu, za kurahisisha.

Tuseme gharama zisizokwepeka kila mwezi, yaani bima, mishahara, hanga na mkopo, ni Ksh 1,800,000. Ndege ikiruka saa 60 kwa mwezi, kila saa inabeba Ksh 30,000 ya gharama hizo. Ikiruka saa 20 tu, kila saa inabeba Ksh 90,000. Hujaweka mafuta bado. Rubani ni yule yule, ndege ni ile ile, lakini saa moja imekuwa ghali mara tatu kwa sababu tu ilikaa chini.

Kisha kuna injini. Ndege aina ya Cessna Caravan, ambayo utaiona kila kona ya Wilson, nyingi hutumia injini ya PT6A-114A. Muda wake wa kawaida kabla ya ukarabati mkuu ni saa 3,600. Kazi hiyo hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi. Tuseme kwa mfano ni milioni 45: gawanya kwa saa 3,600 unapata Ksh 12,500. Hiyo ni pesa unayopaswa kuweka kando kila saa ndege inaporuka, kuanzia saa ya kwanza. Ukiila leo ukidhani ni faida, siku injini ikifika muda wake utauza ndege ili utengeneze ndege.

Halafu kuna kurudi mtupu. Nairobi hadi viwanja vya Mara, kama Keekorok au Ol Kiombo, ni kama dakika 45. Unashusha wageni, unarudi bila mtu. Baada ya siku tatu unakwenda kuwachukua, tena ukienda bila mtu. Umeruka kama saa tatu kwa jumla, lakini wageni wamekaa ndani saa moja na nusu tu. Ni lazima bei yako ilipie zote tatu. Ndiyo maana mawakala wazuri hutafuta mteja wa kujaza ile safari ya kurudi, hata kwa bei ya chini.

Na kuna dola. Vipuri, bima na mikataba ya kukodi ndege mara nyingi hulipwa kwa dola. Mapema mwaka 2024 dola moja ilifika karibu Ksh 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Ksh 130. Bili ya dola 20,000 ilitoka kuwa kama milioni 3.2 hadi milioni 2.6. Safari hii shilingi ilipanda na wenye ndege wakapumua. Ikishuka, bei uliyompa mteja mwezi uliopita inakuwa hasara. Andika kwenye kila bei uliyotoa kwamba inadumu siku ngapi.

Ndege gani, basi?

Mkishafika hapo, bado si lazima mnunue. Mnaweza kukodi ndege kwa mwenye nayo. Kuna kukodi ndege tupu, nyinyi mkaleta marubani na kila kitu, na kuna kukodi ndege pamoja na rubani, matengenezo na bima. Ya pili ina bei zaidi kwa saa, lakini kazi ikipungua hamwachiwi mzigo wote.

Kwa ukubwa, Cessna 206 ina viti sita pamoja na cha rubani. Injini yake ni ya pistoni na mafuta yake ni Avgas, ambayo ni ghali na hayapatikani kila mahali. Caravan inabeba hadi abiria 12, na inatumia Jet A-1, mafuta yale yale ya ndege kubwa. Kwa watu wanne wa Nanyuki, Caravan ni kupoteza. Kwa familia ya watu tisa wa Lamu, 206 haitoshi.

Usisahau kwamba Wilson iko juu, karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, kwa hivyo ndege haiinui uzito ule ambayo ingeinua Ukunda asubuhi. Ndiyo sababu safari nyingi za mbugani huweka kikomo cha mzigo cha kilo 15 kwa mtu, tena kwenye begi laini. Mteja akikuletea sanduku la kilo 30, si roho mbaya kumkatalia. Pia viwanja vingi vya mbugani ni vya murramu na havina taa. Jua likizama, kazi imeisha.

Msimu una maneno yake

Julai hadi Oktoba nyumbu wako Mara na simu hazinyamazi. Desemba watu wanataka Pwani. Aprili na Mei mvua ndefu inanyesha, baadhi ya kambi zinafungwa na viwanja vingine vinakuwa tope. Anayepanga maisha kwa pesa ya Agosti atalia Mei. Gawa mapato ya miezi minene kwa miezi 12, na miezi mikavu tafuta kazi isiyotegemea watalii: mashirika, ukaguzi wa miradi, mizigo.

Kuna na yale yasiyotabirika. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, safari za ndege za abiria ndani ya nchi zilisimama hadi 15 Julai. Waliokuwa na akiba ya miezi michache walirudi kazini. Akiba si anasa hapa.

Pesa ya mteja si yako mpaka ndege iruke

Hapa ndipo tunapotaka usome mara mbili, iwe una ndege au ni wakala.

Mteja anakulipa arbuni ya safari ya Agosti mwezi wa Mei. Pesa imeingia kwenye simu, na siku hiyo hiyo fundi anadai. Ukiitumia, ikifika Agosti huna ya mafuta, kwa hivyo unatumia arbuni ya mteja wa Septemba. Hivyo ndivyo biashara inavyoanza kuzama huku inaonekana ina wateja wengi. Fanya hivi:

Pokea malipo kwa Paybill au Till iliyosajiliwa kwa jina la biashara, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Kwa Paybill, mpe kila mteja namba ya safari aiweke kama namba ya akaunti. Marafiki kumi wanaochanga kwenda Diani wote watatumia namba moja, na utajua nani amelipa na nani bado bila kuulizana kwenye kikundi.

Weka pesa za safari ambazo bado hazijarushwa kwenye akaunti yake pekee. Pesa za injini nazo kwenye akaunti yake. Kwa chama, watia sahihi wawe zaidi ya mmoja.

Jua vikomo. Muamala mmoja wa M-PESA hauwezi kuzidi Ksh 250,000, na salio la mteja wa kawaida haliwezi kuzidi Ksh 500,000. Kukodi ndege nzima kunaweza kuvuka hapo, kwa hivyo panga mapema: malipo kwa awamu, au sehemu kupitia benki. Usingoje asubuhi ya safari, abiria wakiwa wamekaa juu ya mabegi yao.

Andika sheria ya kurudisha pesa kwa lugha rahisi. Mteja akiahirisha wiki mbili kabla, anarudishiwa kiasi gani? Mvua ikifunga kiwanja? Ndege ikiharibika? Mteja aisome kabla hajalipa.

Na wewe unayekodi?

Siku moja huenda ikawa ni wewe. Mgonjwa yuko Mandera, familia imechanga usiku kucha, na mtu amewatumia namba akisema ndege iko tayari, tumeni haraka. Haraka hiyo ndiyo matapeli wanaipenda.

Uliza maswali manne. Ni kampuni gani itakayoruka, na cheti chake cha KCAA kiko wapi? Ndege ina usajili gani? Bima inahusu abiria wa kulipia? Pesa inaenda kwa jina gani? Kampuni halali hujibu kwa dakika chache kwa sababu hujibu maswali haya kila siku. Jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya malipo kukamilika lazima lilingane na jina la kampuni au wakala kwenye ankara. Lisipolingana, acha. Na PIN yako haombi mtu, hata akisema anapigia kutoka kwetu.

Kuna pia yule jamaa mwenye ndege yake binafsi atakayekubeba kwa bei nusu. Leseni ya rubani binafsi haimruhusu kubeba watu kwa malipo, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa. Nusu ile uliyookoa ndiyo itakayokosekana kwa watoto wako.

Wiki hii fanya nini?

Kwa kile chama cha watu 12, hii hapa kazi ya nyumbani. Ploti ibaki. Wawili wenu waende Wilson, waongee na kampuni tatu zenye leseni, waulize wanafanyaje kazi na mawakala. Sajilini biashara, fungueni Paybill ya biashara, na mtafute safari moja tu ya kwanza: pengine ile timu ya kampuni ya shemeji inayokwenda Lodwar kila mwezi kwa barabara.

Andikeni kila ombi kwenye daftari. Baada ya mwaka, likionyesha saa za kutosha, mtaenda benki na KCAA mkiwa na kitu mkononi. Lisipoonyesha, mtakuwa mmepoteza muda na nauli za kwenda Wilson, na bado mna ploti Kitengela.